Siku Nne Bila Jembe

Evangelina alianza kuandika kwa sababu ya ubishi. Ni vizuri jambo hilo lisemwe mapema, maana wapo watu hapa Kanoni wanaodai alitumwa na padri, na wengine wanasema aliota ndoto. Hakutumwa na mtu, wala hakuota. Aliambiwa hataweza, basi.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1979. Vita vya Amin vilikuwa vimekwisha, sukari nayo ikaisha pamoja navyo, na kisomo cha watu wazima kilikuwa kinafungwa. Wanawake ishirini na watatu walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika kwa Athanasi, mwalimu mwenye suruali moja na maneno mengi. Siku ya kufunga, Athanasi aliwaambia ukweli ambao ofisa mgeni wa heshima hakuwaambia: wakikaa mwaka mmoja bila kuandika, herufi zote zitawatoka kichwani, na watarudi kuweka dole gumba kama zamani.

"Andikeni kila siku," alisema. "Hata mstari mmoja. Mlichokula, aliyekuja, mvua. Msingoje siku yenye jambo kubwa, maana huku kwetu mtangoja mpaka mzeeke."

Wenzake walicheka. Evangelina alirudi nyumbani akamweleza mumewe, Polikarpi, kwamba yeye ataandika kila siku. Polikarpi alikuwa anatafuna kahawa mlangoni. Alitema ganda, akamtazama mkewe kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Hutafika hata Pasaka."

Si neno kubwa hilo. Mke mwingine angecheka naye yakaisha. Lakini Evangelina alikuwa na kichwa kigumu cha kurithi, upande wa mama yake, na neno lile lilimkaa kooni. Tarehe mosi Januari alifungua daftari alilobakiwa nalo kwenye kisomo, akaandika: *Jumanne. Nimeanza. Polikarpi anasema sitafika Pasaka.*

Pasaka ilipofika, alimsomea mstari huo. Polikarpi akasema hakumaanisha Pasaka ya mwaka ule.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki za mwanzo alitaka kuacha kama mara saba. Alijaribu kuandika asubuhi, akakuta asubuhi ni ya jembe. Alijaribu baada ya chakula cha jioni, usingizi ukamwangusha na kalamu mkononi. Mwishowe aliipata saa yake. Kila mchana, akishamenya ndizi, akazipanga kwenye chungu, akazifunika kwa majani ya mgomba na kuuweka moto sawa, kulikuwa na muda ambao chungu hakikumhitaji mtu. Wanawake wengine muda huo huchambua maharage au hupiga soga na jirani. Yeye alivuta kigoda, akaweka daftari gotini, akaandika mpaka harufu ya ndizi ilipomwambia ainuke. Tangu hapo hakuhitaji kujikumbusha. Chungu kikishakaa mafigani, mkono wenyewe uliitafuta kalamu.

Sheria zake zilikuwa mbili: siku isipite bila mstari, na mstari usiwe na uongo. Alipopata homa hadi macho yakageuka manjano, aliandika neno moja tu, *Homa*, siku nne mfululizo. Alipojifungua binti wa pili, mdogo wake Leokadia, aliandika: *Mtoto wa kike. Nimechoka sana.* Madaftari yalipoadimika madukani, kama sabuni na chumvi zilivyoadimika, aliandika nyuma ya kalenda za parokia, kwenye karatasi za kufungia vitu dukani, hata kwenye maboksi aliyoyapasua na kuyashona kwa uzi wa gunia. Watu walimwona chizi kidogo. Yeye aliwaamkia vizuri akapita.

Mambo yaliharibika mwaka 1984, Jumapili moja baada ya misa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye rubisi, pombe ya ndizi, na mmoja akamuuliza Polikarpi anajisikiaje kulala na karani. Mwingine akasema mwanamke anayeandika kila siku ana kesi anaiandaa. Wote wakacheka, naye Polikarpi akacheka, lakini alifika nyumbani amevimba. Alimkuta mkewe amekaa, daftari gotini, chungu kinatokota.

"Nisomee," alisema.

Evangelina aliandika kwa Kiswahili cha kisomo, na akimsomea mumewe alikigeuza Kinyambo, lugha ya nyumbani, palepale bila kupunguza neno. "Jumatatu. Baba Leokadia amesema ataezeka banda la mbuzi. Jumanne. Hajaezeka. Jumatano. Mvua. Mbuzi wamelowa. Alhamisi. Amesema ataezeka kesho. Ijumaa. Hajaezeka."

"Inatosha."

"Jumamosi bado."

Polikarpi alisema daftari hilo litaingia motoni siku hiyohiyo, akanyosha mkono alichukue. Evangelina akalikalia. Nasema alilikalia, kama kuku anavyokalia mayai, na mwanamume mzima akabaki amesimama hajui pa kushika. Waligombana hadi ndizi zikaungua. Kesho yake wakapelekana kwa Mzee Kahigi, mkubwa wa ukoo wa Polikarpi, mtu aliyependa kuamua mambo kuliko alivyopenda kula.

Polikarpi alisema mkewe anacheza wakati wenzake wanafanya kazi. Ilipofika zamu yake, Evangelina alipiga magoti akaamkia, kisha akasema bila kupepesa macho.

"Mzee, mchezo mtu huuacha akichoka. Mimi nimechoka nikaandika, nimeumwa nikaandika, nimezaa nikaandika. Nyinyi mvua ikinyesha mnaacha kulima, mimi siachi. Kama hii siyo kazi, nionyesheni iliyo kazi."

Mzee Kahigi alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu. Hakuwahi kuamua jambo la namna hiyo, na jambo jipya lilimfurahisha. Akatamka mbele ya wazee wote waliokuwepo: ni kazi. Na mtu aliye kazini hasumbuliwi. Akaongeza, bila kuombwa, kwamba banda la mbuzi liezekwe.

Banda liliezekwa ndani ya siku mbili, na habari hiyo iliandikwa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa Evangelina wakati wa kuandika. Alikuwa ameshinda, na alijua hivyo, na hakuficha. Akiulizwa na jirani anafanya nini, alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Niko kazini." Hata Polikarpi alilegea kidogo kidogo. Mwanzo alijitia hamnazo. Baadaye akawa anauliza, akiosha miguu, "Leo umeandika nini?" Miaka ikasogea, ikawa akibeba mkungu mkubwa kutoka kibanjani, shamba lao la migomba na kahawa, anautua karibu na kigoda cha mkewe, anakohoa, na kusimama pale mpaka aandikwe. Huo ndio uliokuwa upendo wao, na kwa kweli haukuwa mdogo.

Kisha ukaja mwaka 1991. Polikarpi aliugua ini. Alilala wiki tano, tumbo limejaa, miguu imekonda, na Evangelina akamgeuza, akamwosha, akamlisha uji, akaandika. Polikarpi alikuwa na dada mmoja tu, Deodatha, aliyeolewa Isingiro. Hao ndugu wawili walikuwa wamenuniana miaka miwili, kwa sababu binti wa Deodatha alifunga ndoa kwa Walutheri, na Polikarpi, Mkatoliki wa kushika rozari hadi kwenye rubisi, akakataa kwenda harusini. Evangelina alimpelekea Deodatha ujumbe kwamba kaka yake ni mgonjwa. Akapeleka wa pili. Akapeleka wa tatu. Deodatha hakuja.

Polikarpi alikufa Jumatatu moja ya mwezi wa saba, alfajiri. Ujumbe wa nne ulikwenda na dereva wa lori la kahawa, na lori hilohilo likarudi kabla ya saa saba mchana limembeba Deodatha juu ya magunia, kitambaa kichwani, analia kwa sauti iliyotangulia kufika kabla ya gari.

Sasa, mtu wa mbali asiyejua desturi yetu inabidi aambiwe. Mwanamume akifa, siku nne hakuna jembe linalogusa ardhi, si nyumbani kwake tu, bali kwa majirani wote. Nyumba hutandikwa nyasi, wanawake hukaa na kulala humo, wanaume hukaa uani kwenye moto. Majirani hupika tu ili watu wasife njaa. Mjane hafanyi kazi yoyote. Hukaa chini ameegemea ukuta, hulishwa, huongozwa hata akienda haja. Mtu akikutwa analima, ukoo unamnyang'anya jembe, na haulirudishi. Mjane ndiye anayetazamwa kuliko wote, maana mikono yake ikifanya kazi watu husema hakuumia.

Evangelina aliijua desturi hiyo na aliiheshimu. Alikaa kwenye nyasi, binti zake wawili wamemkumbatia, macho makavu. Alikuwa na huzuni kubwa kiasi kwamba machozi hayakupata njia. Nje walianza kupika. Harufu ya majani ya mgomba yanayopata moto iliingia ndani, na mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa nyasi peke yake. Hapo ndipo alipotambua kwamba siku hii haijaandikwa. Miaka kumi na moja na nusu haikuwa imekosa hata siku moja, na siku aliyokufa mumewe ndiyo ingekuwa ya kwanza.

"Leokadia," alimwambia binti yake mkubwa, "niletee daftari."

Alikuwa amekwisha kuandika neno *Jumatatu* wakati Deodatha, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa chumba, alipoacha kulia ghafla.

"Wifi, unafanya nini?"

"Naandika."

"Kaka yangu yuko ndani hapo hajazikwa, wewe unafanya kazi?"

"Naandika, wifi. Mstari mmoja."

"Ni kazi. Ulisema mwenyewe mbele ya Mzee Kahigi, ukoo wote ulisikia. Miaka yote unatutangazia uko kazini, uko kazini. Leo imekuwa nini?"

Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walitazamana. Evangelina alihisi masikio yanawaka. Alikuwa ameijenga ngome yake kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alikuwa amefungiwa ndani yake.

Mzee Kahigi aliitwa. Aliingia akiinama, akasikiliza pande zote mbili, na uso wake ukaonyesha kwamba angependa kuwa mahali pengine. Alikuwa amenaswa na mdomo wake. Angesema siyo kazi, angekuwa ameivunja hukumu yake ya mwaka 1984. Akasema ni kazi. Kwa hiyo ipumzike siku nne kama kazi nyingine, na mwenye kuvunja atanyang'anywa kalamu kama wenzake wanavyonyang'anywa jembe.

"Na mjane asiyeomboleza," Deodatha aliongeza, "hana cha kufanya kwenye kibanja cha ukoo. Tena asiye na mtoto wa kiume."

Mzee Kahigi hakulikubali neno hilo, lakini hakulikataa pia. Likabaki limening'inia chumbani na kila mtu aliliona.

"Mzee," Evangelina alisema, "Athanasi yuko hapo uani tangu asubuhi. Anaandika nani kaleta ndizi, nani kaleta rubisi, nani kaleta nyasi. Mbona kalamu yake haijachukuliwa?"

"Hayo ni maandishi ya ukoo."

"Na haya ni ya nani?"

Athanasi, ambaye alikuwa amezeeka lakini bado ana maneno, aliyasikia hayo kutoka uani. Aliinamia orodha yake kama mtu anayetafuta sindano.

Evangelina aliogopa. Asipewe sifa asiyokuwa nayo: hakuwa jasiri wa kuzaliwa. Aliwaza kibanja, aliwaza mabinti wake wawili na mahali watakapolala wakifukuzwa. Kisha akamwaza Polikarpi amesimama na mkungu begani anangoja kuandikwa. Hasira ikampanda, hasira safi, na ikamsaidia.

"Sikatai kwamba ni kazi," alisema. "Nilisema hivyo na sirudi nyuma. Nikimaliza, mtachukua kalamu."

Akainamisha kichwa akaandika mbele ya macho yao, taratibu, kila herufi imekaa vizuri: *Jumatatu. Baba Leokadia amekufa alfajiri. Aliomba maji, akayanywa, akasema yana baridi. Hakusema tena.* Akaweka nukta. Akafunga daftari akalikalia, na kalamu akamnyoshea Deodatha. Deodatha aliipokea akaifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili. Daftari lenyewe hakuna aliyethubutu kumtoa mjane juu yake.

Jumanne walimzika Polikarpi kibanjani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mchana ule jirani aliyeitwa Therese alikuja na mzigo wa nyasi za kutandika. Therese alikuwa ameingia nchini kutoka Rwanda na wazazi wake mwaka 1959 akiwa mtoto mchanga mgongoni, na alijua vizuri jinsi mtu anavyofukuzwa mahali. Alitandika nyasi zake karibu kabisa na mjane, akampa pole, akatoka. Evangelina alipapasa nyasi hizo akakuta penseli.

Aliandika mistari miwili kabla Deodatha hajamwona. Penseli ikachukuliwa. Evangelina aliitoa bila ubishi, tena kwa heshima, kwa mikono miwili, na hilo lilimkera Deodatha kuliko matusi.

Jumatano Deodatha alijipanga. Alizunguka nyumba nzima tangu asubuhi, akakusanya kila chenye uwezo wa kuandika: kalamu ya shule ya Leokadia, chaki mbili zilizosahaulika dirishani, hata vipande vya mkaa karibu na mlango alivipiga teke hadi nje. Athanasi aliambiwa aishike kalamu yake isitoke mfukoni. Kisha Deodatha akaja kukaa ana kwa ana na wifi yake, miguu imenyoshwa, kama askari aliyekabidhiwa lindo.

Mchana ukafika. Majirani walikuwa wanamenya ndizi kizingitini, na maganda mabichi yalirundikana. Evangelina alikaa akiyatazama. Alikuwa na daftari, hakuwa na kalamu, na jua lilikuwa linapita. Alijisemea kwamba mtu anaweza kushindwa siku moja, hakuna atakayemlaumu. Akajijibu kwamba ndivyo Polikarpi alivyosema kuhusu Pasaka.

"Therese, niletee ndizi moja," alisema. "Mbichi. Nataka kuishika tu."

Mjane hanyimwi kitu. Therese alimletea. Evangelina aliiweka mapajani akaipasua kikonyo kwa ukucha. Utomvu ukatoka, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kila mwanamke wa kwetu anaujua utomvu huo: unapodondoka kwenye nguo hauonekani, na ukikauka unakuwa doa la kahawia ambalo sabuni yoyote haiwezi kulitoa. Alichomoa bua gumu kwenye nyasi za matanga alizokalia, akalichovya, akafungua daftari kwenye kivuli cha goti lake. Aliandika bila kuona alichoandika. Herufi zilikuwa maji tu juu ya karatasi. Alifuata mkono wake kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani.

"Anafanya nini huyu?" Deodatha aliuliza.

"Ameshika ndizi," mwanamke mmoja akajibu.

Deodatha alijongea akachungulia. Ukurasa ulikuwa mweupe. Alirudi mahali pake ameridhika, akaanza kulia tena kwa ajili ya watu walioingia kutoa pole.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Asubuhi wanawake walifagia nyasi kuzitoa nje, na wanaume wakakusanyika uani, maana Mzee Kahigi alikuwa na mambo ya kumalizia, na la kwanza lilikuwa hilo la mjane na kibanja. Ndani, Deodatha alijitwisha kazi ya kuondoa vitu sakafuni. Aliinua daftari, nalo likafunguka mkononi mwake. Ukurasa uliokuwa mweupe jana sasa ulikuwa na mistari mitatu ya kahawia iliyoiva, kama iliyochomwa na moto.

Deodatha hakujua kusoma. Lakini maandishi aliyajua kwa macho, na siku alizijua kuhesabu. Evangelina alimwona. Alisimama kusubiri kelele, tayari kwa lolote. Kelele hazikuja. Deodatha alilichukua daftari akapita nalo mlango wa nyuma.

Evangelina alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye jiwe la kuogea, daftari magotini, analigusagusa kama kitu chenye miiba.

"Umeandika siku zote nne," Deodatha alisema. Hakuwa na sauti ya jana.

"Tatu. Ya leo bado."

"Na zile za ugonjwa wake?"

"Zote. Wiki tano."

"Mimi nimo?"

Evangelina alimtazama. Hapo ndipo alipomwelewa, na hakupenda kumwelewa, maana hasira yake ilikuwa bado inamfaa. Mwanamke huyu hakuwa anaitetea desturi. Alikuwa anaogopa ukurasa.

"Umo," alijibu.

"Nimekaaje humo?"

"Tarehe tulizokuita. Mara tatu. Na kwamba hukuja. Mara ya tatu kaka yako aliuliza kama gari la Isingiro limepita. Nikamwambia limepita. Hakuuliza tena."

Deodatha alifungua fundo la khanga, akatoa kalamu na penseli akaziweka juu ya daftari.

"Wifi, nisikilize. Hao wananingoja mimi hapo uani. Nikisema uliomboleza, utakaa kibanjani mpaka ufe, hakuna atakayefungua mdomo. Nikisema uliandika, unajua mwenyewe. Mimi nakuomba jambo dogo. Andika kwamba nilikuja. Siku moja tu. Kwamba nilikuja nikamshika mkono nikarudi. Nani atajua?"

Ni jambo dogo kweli. Mstari mmoja tu ungempa nyumba, migomba, kahawa, na kaburi la mumewe analoweza kulipalilia. Evangelina aliitazama kalamu. Asije mtu akasema hakutamani. Alitamani sana.

"Hapana," alisema.

"Wifi."

"Hapana, Deodatha. Nikiandika ulikuja, basi ile siku aliyouliza gari sikuwa naye peke yangu. Nilikuwa naye peke yangu. Nikiweka uongo mmoja humu, hata yale maji aliyosema yana baridi yatakuwa uongo. Nendeni mkaninyang'anye kibanja. Mimi siku zake siziharibu."

Alidhani Deodatha atampiga, au atakwenda uani kupiga yowe. Deodatha alifunika uso kwa khanga. Alianza kulia, na haikuwa sauti ile ya siku tatu zilizopita iliyopanda kila mgeni alipoingia. Ilikuwa sauti mbaya, ya chini, yenye kwikwi, kama ya mtu anayetapika. Evangelina, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ametoa chozi, alikaa chini kwenye majivu kando yake. Machozi yake nayo yakapata njia. Walilia hivyo kwa muda, kila mmoja na wake.

Kisha Evangelina akachukua kalamu.

"Siku zile zimekwisha," alisema. "Ya leo ndiyo iko wazi."

Aliandika, akamsomea kwa Kinyambo, bila kupunguza neno. "Alhamisi. Tumeanua matanga. Deodatha ameniomba niandike kwamba alikuja kaka yake akiwa mgonjwa. Hakuja. Leo amemlilia nyuma ya nyumba, hakuna aliyemtazama ila mimi. Alimpenda."

Deodatha alifuta kamasi. "Jina langu liko wapi hapo?"

Evangelina alimwonyesha. Deodatha aliweka kidole juu ya jina, akakaa nacho pale.

"Usilifute," alisema.

Uani Mzee Kahigi alikuwa anaita, sauti imeanza kuchoka. Deodatha aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda. Evangelina alibaki nyuma ya nyumba, lakini ukuta wa udongo hauzuii maneno. Alisikia mzee akiuliza, mbele ya ukoo wote, kama mjane aliitunza mikono yake siku nne kama alivyoagizwa.

"Hakuitunza," Deodatha alisema. "Ameandika siku zote nne, mbele yangu, na leo nimemrudishia kalamu mwenyewe. Anayetaka kumtoa kwenye kibanja cha kaka yangu asimame nimwone. Na ajue kwamba akisimama, ataandikwa."

Wanaume wale walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na lake asilopenda lisomwe. Athanasi aliangua kicheko akakimeza. Hakuna aliyesimama. Mzee Kahigi alikohoa mara mbili, akauliza kama kuna rubisi iliyobaki.

Evangelina alikuwa bado hajafunga daftari. Aliyaandika na hayo.